Watoto Hawahesabiwi

Kaloleni, Arusha
Jumapili, 4 Desemba 1955

Kwa Kaanaeli, mjukuu wangu na mchumba wangu wa mwisho,

Nakuletea salamu nyingi, zikibaki wagawie wagonjwa wenzako. Sisi sote tuzima. Bibi yako Tabea yuko kule Maji ya Chai na ndizi zake. Mguu unamsumbua, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote. Kahawa imechumwa karibu yote. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, na mmoja ana sura ya mwinjilisti wetu, lakini hilo usimwandikie mtu. Mimi nimehamia hapa Kaloleni kwa shangazi yako Hanna. Amenipa kitanda nyuma ya pazia, na anasema nakoroma Kijerumani.

Sasa neno lenyewe. Nimekwenda. Ulipomwandikia Misi Pell, yule Mzungu mkuu wa kambi, kwamba babu yako atashika nafasi yako kambini mpaka upone, nadhani alifikiri "babu" ni jina la kijana fulani. Jumatatu nilipotokea uwanjani, pale kando ya mto Themi, na fimbo yangu na koti langu la kanisani, alichungulia nyuma yangu akimtafuta huyo kijana. Nikamwambia, "Ni mimi, mama. Hakuna mwingine anayekuja." Akacheka, akanipa mkono. Ana mkono wa mtu anayekamua ng'ombe.

Kisha akanipa kaptura ya kaki. Kaanaeli, miguu hii haijaonwa na mwanamke yeyote isipokuwa bibi yako tangu nibatizwe. Nilipotoka nimeivaa, watoto walinyamaza kimya, kama watu waliokuta mzoga njiani. Bibi yako aliposimuliwa alilazimika kuketi chini.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Watoto wa mjini shule zimefungwa, mama zao wako sokoni, basi wanaletwa kwetu saa mbili asubuhi na kuchukuliwa saa tisa. Katikati tunaimba, tunafinyanga udongo, tunapiga mpira wa matambara, na saa nne tunakunywa uji. Yoeli, yule mwalimu kijana, ana wakubwa, anawaita Simba. Mimi nimepewa wadogo, na Misi Pell amewaita Sungura. Mzee mzima, kiongozi wa sungura. Huyo Yoeli ana filimbi shingoni, nadhani hulala nayo.

Misi Pell amenikabidhi rejesta yako pia. Usihangaike. Mimi nimekalia kigoda chako tu, kisipoe.

Nawe niambie kweli. Umesema ni kikohozi kidogo. Kikohozi kidogo hakilazi mtu hospitali tangu mwezi wa tisa.

Babu yako,
Aminieli


Hospitalini
14 Desemba 1955

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Bibi shikamoo yake, na Shangazi Hanna, na huyo mbuzi mwinjilisti. Barua yako niliisoma kwa sauti wodini, na mama mmoja wa Machame, wa kitanda cha pili, ameomba picha yako ukiwa na kaptura.

Mimi naendelea vizuri. Chakula ni kizuri na dirishani tunauona mlima, ila ni ule wa Wachaga, siyo wa kwetu. Sindano ni kila siku, nimezoea.

Babu, nataka kusema nawe habari ya rejesta. Watoto wanahesabiwa mara tatu: wakifika, wakirudi kutoka mtoni, na kabla ya kwenda nyumbani. Unahesabu wote, Simba na Sungura, unaandika. Wameandikishwa arobaini na mmoja. Mwaka jana tulimsahau mtoto mmoja mtoni, tukamkuta jioni amelala kwenye majani. Tangu siku ile Misi Pell hana mzaha na kitabu hicho.

Tena kuna jambo sikukueleza. Kambi ikiisha salama, Misi Pell atapeleka jina langu kwa ajili ya mafunzo ya ustawi wa jamii, yanaanza mwezi wa tatu. Wanachukua wasichana wachache sana. Kwa hiyo hata kama kiongozi ni wewe, kambi hii ni yangu. Nakuomba, fanya mzaha na kila kitu, ila siyo rejesta.

Bibi ameniletea shuka kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa, na juu yake karatasi aliyoandikiwa na jirani, "ya Ndeshi". Wauguzi wakauliza Ndeshi ni nani. Nikawaeleza kwamba ni jina langu la nyumbani, kila mtu huniita hivyo. Kisha nikakumbuka: kila mtu isipokuwa wewe. Tangu utoto wangu hujaniita Ndeshi hata mara moja. Kwa nini, Babu?

Mjukuu wako,
Kaanaeli


Kaloleni, Arusha
Jumapili, 18 Desemba 1955

Kaanaeli,

Salamu za Krismasi zitangulie, maana posta inakwenda kama bibi yako akitumwa kwa jirani. Huyo bibi yako mzima. Ametengeneza pombe ya mbege ya sikukuu na kuificha mahali ninapopajua. Mpe pole mama wa Machame, mwambie picha inapatikana, ila aje na mume wake kushuhudia.

Kambi inakwenda vizuri kupita kiasi. Kila asubuhi naweka kigogo changu mlangoni pa uwanja na kukaa. Kila mtoto anayeingia lazima anisalimie na kunipa habari moja ya kwao, ndipo apite. Nimejua mambo, Kaanaeli! Nimejua nani kapigwa na mume, nani kuku wake wameibwa, na baba gani anavaa nguo za ndani za mke wake wakati wa baridi. Misi Pell alisema napoteza wakati. Nikamwambia, mama, ng'ombe hapiti zizini bila kuguswa mgongo.

Yuko mmoja wa Sungura, anaitwa Nashilu, Mwarusha, umri wake kama miaka sita. Mama yake huuza maziwa sokoni. Huyo mtoto haoni watu, anaona ng'ombe tu. Ng'ombe akipita barabarani, hata awe wa mbali, Nashilu huacha udongo, huacha uji, humfuata akimwambia maneno. Nikamuuliza, "Unamwambia nini?" Akanijibu, "Namuuliza ametoka wapi." Tumepatana sana. Hata mimi nilichunga kabla sijachungwa na wamisionari.

Nimewafundisha Sungura namna ya kumcheka Simba bila kupigwa. Yoeli hafurahi.

Rejesta iko safi. Kila siku arobaini na mmoja, asubuhi, mtoni na saa tisa.

Umeniuliza habari ya jina. Ningekujibu, ila wino umekwisha.

Babu yako,
Aminieli


Hospitalini
2 Januari 1956

Babu mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu wote. Mimi ni mzima.

Yoeli ameniandikia. Anasema tangu kambi ianze hajakuona hata siku moja ukihesabu watoto. Anasema tarehe 15 watoto watatu walikuwa nyumbani kwa surua, nawe ukaandika arobaini na mmoja. Tarehe 16 vilevile. Yeye sasa anahesabu mwenyewe, lakini rejesta ni ya kiongozi, na Misi Pell ataisoma yote kambi ikikaribia kufungwa.

Babu, umekwenda shule. Kuhesabu unajua. Kwa nini unanifanyia hivi? Wasichana niliosoma nao wanakwenda mbele, mimi nimelala. Nafasi ile ndiyo kamba pekee niliyoishika mwaka huu. Mtoto mmoja akipotea, au kitabu kikionekana cha uongo, imekatika.

Hesabu, Babu. Nakuomba.

Kaanaeli


Kaloleni, Arusha
Jumapili, 8 Januari 1956

Kaanaeli mjukuu wangu,

Salamu. Tuzima wote, na leo neno hilo silisemi kwa mazoea. Bibi yako mzima, Hanna mzima, mbuzi wazima.

Nilikusudia kukujibu kwa hasira, kwa kuwa umenigombeza kama mmoja wa Sungura. Hasira imekwisha. Soma polepole.

Ijumaa tuliwapeleka watoto mtoni kuchukua udongo wa kufinyanga. Mto ulikuwa mdogo, unalamba mawe tu. Mjini jua kali, lakini juu mlimani wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu asubuhi. Mimi nimezaliwa kwenye mlima ule, najua tabia zake: ukinyesha kwake, huku chini utaletewa habari baadaye. Nikasema tusikae. Yoeli akapiga filimbi, tukapanda uwanjani. Akawapanga mstari, akahesabu kwa kidole. Misi Pell naye akahesabu kwa macho, midomo ikicheza. Wote wawili wakapata arobaini na mmoja.

"Sawa!" akasema Misi Pell. "Uji."

Nikasema, "Bado. Nashilu hayupo."

"Mzee," akasema Yoeli, "ni arobaini na mmoja. Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu vizuri, mwalimu. Nashilu hayupo."

"Atakosekanaje na hesabu imetimia?"

"Hilo uiulize hesabu yako. Mimi nakuambia habari ya mtoto."

Ndipo nikamshika mkono mtoto wa mwisho mstarini. Hapa nakiri kosa langu, maana lipo. Huyo si wa kambi. Anaitwa Nosim, mama yake anauza tumbaku sokoni na hajamwandikisha popote. Kila siku hujificha nyuma ya choo mpaka filimbi ya uji ilie, ndipo huja, na mimi humpa bakuli bila kumwambia mtu. Siku hiyo njaa ilimzidi, akaingia mstarini mapema. Badala ya kitambaa chekundu cha shingoni wanachovaa watoto wa kambi, kajifunga kipande cha kanga kuukuu. Akasimama pale ameyafumba macho, anahesabiwa.

Misi Pell aligeuka rangi ya unga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kushuka.

Tulipokuwa tunachimba udongo, ng'ombe walikuwa wamevuka hapo, mmoja ana kengele. Basi nilijua pa kwenda. Ng'ombe walishavuka zamani, wako ng'ambo wanakula majani. Na Nashilu yuko juu ya jiwe katikati ya mto, na mto umegeuka. Ulikuwa mwekundu, unapanda huku unanguruma, umeshalifunika jiwe na kufika magotini mwake. Ameshika tawi lililoinama. Halii. Anaongea na yule ng'ombe wa kengele.

Nikaingia. Maji yale ni baridi hata kwa mtu aliyezaliwa nayo. Kama ningekuwa na koti langu, lingenichukua nalo mpaka kwa Wamasai. Kaptura ikaniacha nipite. Nimeisamehe. Nilipomfikia akaniambia, "Babu, amekataa kunijibu." Nikamwambia, "Panda mgongoni, tutamuuliza kesho." Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Jiwe likateleza, nikaenda chini kwa goti moja, maji yakanijia kifuani, na Nashilu amenikaba shingo kama kupe. Nikasema, Aminieli, leo. Ndipo mkono ukanikamata. Ni Yoeli, ameingia na viatu vyake, vile vipya vya kung'aa, maji kiunoni. Akatuvuta wote wawili. Yote niliyowahi kuandika juu ya huyo kijana, yafute.

Mama yake Nashilu alipokuja saa tisa, mtoto alikuwa amekauka na anakunywa uji wa tatu. Nosim alikunywa wa nne.

Baadaye Misi Pell aliniita mezani. Rejesta imefunguliwa mbele yake.

"Mzee, wewe huhesabu?"

"Sihesabu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na hizi?" Akaonyesha ukurasa: arobaini na mmoja, arobaini na mmoja, imesimama chini mpaka mwisho kama mstari wa mahindi.

"Hizo ni zako, mama. Wewe ndiye uliyeniambia wako arobaini na mmoja. Nimekuwa nakurudishia zako."

Akanitazama sana. Akafunga kitabu, akaondoka nacho. Hiyo ndiyo habari, nami nimependa uipate kwangu kabla ya kwa mwingine. Mtoto yu hai. Nafasi yako, sijui. Ikiwa nimekukatia kamba, nimeikata mimi babu yako, wala sitafuti wa kumsingizia.

Neno la mwisho. Barua yako ya tarehe 2 si mkono wako. Wewe ukiandika, maneno yako hupanda kulia kama mtu anayepanda mlima kwenda Nkoaranga. Ile imenyooka kama reli. Aliyeiandika kaandika vizuri, kila neno lipo, hesabu imetimia. Ila wewe hukuwemo.

Uko wapi, Kaanaeli?

Babu yako


Maji ya Chai
Jumapili, 29 Januari 1956

Kaanaeli,

Sijapata jibu lako. Wiki tatu.

Kambi ilifungwa tarehe 20. Siku ya mwisho Misi Pell alihesabu watoto, kisha akaniambia, "Sasa wewe, Mzee." Nikawaita mmoja mmoja kwa jina, na jina la mama yake, naye akaandika. Alimwandika na Nosim. Nikamuuliza habari ya nafasi yako. Akasema atakuandikia wewe mwenyewe. Uso wake haukunipa kitu, Wazungu hawa wangekuwa wacheza bao wazuri.

Nimerudi nyumbani. Kila basi la Moshi likipita, bibi yako yuko barabarani. Anasema anauza ndizi. Hana ndizi.

Andika hata mstari mmoja. Hata tusi. Lakini uandike wewe.

Babu


Hospitalini
Jumapili, 12 Februari 1956

Babu yangu,

Shikamoo. Shikamoo Bibi, na arudi kutoka barabarani, jua ni kali.

Tazama maandishi: yanapanda. Yanatetemeka pia, lakini ni yangu. Barua ile aliiandika muuguzi, jina lake Elizabeth. Mimi nilikuwa nasema, yeye anaandika, na yale niliyoshindwa kusema aliyaandika kwa unadhifu wake. Siku za mwaka mpya nilitapika damu. Nikaanza kutapika tena katikati ya Januari, ndiyo maana ya wiki zako tatu. Sikutaka mjue. Nilisema mzima kwa kuwa Bibi ana mguu mbaya na njia ni ndefu. Sasa nimekuambia.

Damu imekoma, leo ni siku ya kumi na sita. Daktari anasema dawa imeanza kushika. Mwezi wa tano watapiga picha ya kifua, na ikiwa safi, nitakuja nyumbani. Amesema "ikiwa". Nami nakuandikia "ikiwa", ili nisikufiche tena kitu.

Misi Pell ameandika. Nafasi ya mwezi wa tatu amepewa msichana mwingine. Si kwa ajili ya rejesta, Babu, usijitese. Hawapokei mtu aliye kitandani, angeandika nini yule mama. Amesema jina langu litakwenda mwaka ujao nikipona, na kambi ya Desemba ni yangu. Nililia siku mbili, kisha nikachoka. Chini ya barua ameongeza: "Mwambie babu yako naye aje. Kaptura si lazima."

Nataka kukueleza jambo la hapa. Kila asubuhi hupita mtu na karatasi, anahesabu. Vitanda kumi na vinne, wagonjwa kumi na wanne. Yule mama wa Machame wa kitanda cha pili, aliyetaka picha yako, alifariki mwishoni mwa Januari. Kabla ya saa nne wakaleta mwingine. Karatasi ikapita: kumi na wanne. Hesabu ilitimia, Babu. Nikakumbuka barua yako, nikacheka mpaka nikakohoa, halafu sikuwa nacheka tena. Alikuwa anaitwa Ndeangasiya. Nimemwomba Elizabeth asubuhi atusalimie kwa majina, na sasa hufanya hivyo, hata kama ana haraka.

Basi nimekuelewa kidogo. Kidogo tu. Sikuelewi yote, nawe hujanieleza. Nijibu mawili: kwa nini huhesabu, na kwa nini huniiti Ndeshi? Dereva wa lori atakuletea kifurushi pamoja na barua hii. Ndani mna chupa ya wino.

Mjukuu wako,
Kaanaeli


Maji ya Chai
Jumapili, 4 Machi 1956

Ndeshi,

Salamu zote ziko chini, leo naanza na hili kabla sijapata akili ya kulikwepa.

Wino ni mzuri, mweusi. Umenishinda.

Ulizaliwa miaka mingi baada ya mambo haya. Mwaka ule vita vya Wajerumani ndiyo kwanza vimekwisha, Waingereza wamekwisha kuingia. Mimi nilikuwa kijana wa darasa mbili za misheni, na kijiji kizima hakikuwa na mtu aliyejua hesabu ila mwalimu na mimi. Usidhani kulikuwa na mtu mwenye maringo kunizidi. Nilikuwa nahesabu ndizi, nahesabu nguzo za kanisa, nahesabu meno ya mama mkwe wangu akicheka. Wazee walisema, hesabu vyote, ila watoto na ng'ombe usiwahesabu. Nikawacheka. Nikasema hayo ni mambo ya giza.

Akaja karani wa boma kuandika nyumba na watu. Akaniuliza, "Una watoto wangapi?" Mtu mwenye akili angejibu, "Mungu amenipa." Wengine wote walijibu hivyo. Mimi nikawaita watoto uani, nikawapanga mstari, mkubwa mpaka mdogo, kama Yoeli na Simba wake. Nikanyoosha kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kwa sauti, majirani wasikie. Karani akasema, "Vizuri sana, Aminieli." Nilijiona mfalme.

Wa sita alikuwa ameanza kutembea. Alisimama mwisho wa mstari ameshika nguo ya Hanna, na kidole kilipomfikia, alikishika. Alidhani nampa.

Ile homa kubwa ilipita mwezi uliofuata. Najua ilivyokuwa. Iliua waliohesabiwa na wasiohesabiwa, iliua na wale wazee walionikataza, iliua mpaka karani. Mchungaji alinieleza kwamba si kosa langu, nami nilimwitikia, kwa kuwa ni kweli. Kweli naijua, Ndeshi. Lakini kidole kilikuwa changu.

Huyo wa sita, aliyekwenda na homa, ndiye Ndeshi. Mama yako alipokuzaa, bibi yako alikupokea mikononi na kusema, "Ndeshi amerudi." Kila mtu akafurahi. Mimi nikatoka nje kutazama migomba. Nilijiambia, mkiliita ninyi, sawa, ila mimi nisiliite. Mdomo huu uliwahi kuita namba. Nikakuita Kaanaeli kama kanisani, miaka yote hii, ukadhani babu yako ni mtu wa dini.

Na ulipoandika umelazwa, nikasema angalau sikuwahi kumwita. Kumbe kutokukuita hakujakukinga na kitu. Umetapika damu ukiwa Kaanaeli vilevile.

Basi nimekwisha kusema. Kuhesabu sitahesabu, mimi ni mzee, mwachieni mtu kilema chake. Desemba utahesabu wewe, nami nitakaa kwenye kigogo changu mlangoni, tutagawana kazi. Kigoda chako hakijapoa. Wala mwezi wa tano siuhesabii siku. Ukija, utanikuta nimekaa barabarani na bibi yako, tunauza ndizi tusizokuwa nazo.

Sasa salamu. Hanna anakusalimu. Baba zako wadogo wanakusalimu. Yoeli amepita hapa na viatu vingine, anakusalimu kwa namna ambayo mimi sikuipenda, utanieleza. Nosim ameandikishwa shule. Nashilu alimuuliza yule ng'ombe, anasema ametoka Oldonyo Sambu. Msalimu Elizabeth, mwambie maandishi yake ni mazuri ila asiyatumie tena kwako. Na yule mama Ndeangasiya, tumelitaja jina lake katika sala ya jioni. Bibi yako ndiye aliyetaka.

Amesimama nyuma yangu sasa hivi, anauliza nimeandika nini muda wote huu. Kusoma hajui, unajua. Nimemsomea neno la kwanza la barua. Akainama, akaligusa kwa kidole. Kisha akaniuliza, "Umeliandika kwa kalamu ya risasi?"

Nikamwambia, "Kwa wino."

Akasema, "Basi halifutiki," akaenda kumkamua mbuzi.

Babu yako,
Aminieli